Vinanda vya Mdomo na Heshima Nisiyoiomba

Kinanda cha mdomo hakichemshwi. Naanza na hili kwa sababu ninyi vijana hamna subira, na mkiacha kusoma baada ya mstari huu angalau mtakuwa mmeokoa kinanda kimoja. Alinijia bwana mmoja kutoka Kuruwitu. Shemeji yake alikuwa amekipuliza kinanda chake harusini bila ruhusa, naye kwa kinyaa akakitia sufuriani akakichemsha kama yai. Mbao ya katikati ikavimba, ikapasuka, na misumari ikachomoza. Akaniuliza kama kitapona. Nikamwambia shemeji yake angekipuliza mwaka mzima asingekifanya hivyo. Hakucheka. Akakusanya vipande vyake akaenda zake.

Mimi naitwa Bakari. Kazi yangu yote nimeifanya nyumbani, barazani kwangu, mtaa wa Shela hapa Malindi. Sikuwa na duka wala kibao. Aliyenitaka aliuliza njiani, akaonyeshwa. Nilitengeneza vinanda vya mdomo, na mara mojamoja vile vikubwa vya sanduku ambavyo Wahindi hupiga wakiimba nyimbo zao za ibada, kwa kuwa ndani yake mna ndimi zilezile za shaba. Sasa nimeacha. Watu husema nimestaafu, wakidhani wananipamba. Sikustaafu. Nilistaafishwa na watu wangu mwenyewe, kwa upole, bila kuambiwa, na hasira yake ningali nayo. Lakini sharti mwijue kazi kwanza, maana bila kuijua hamtajua nilinyang'anywa nini.

Ukikifungua kinanda utakuta mabati mawili membamba na mbao katikati. Kwenye mabati zimepangwa ndimi, vipande vidogo vya shaba, kila kimoja kimepigiliwa upande mmoja na upande wa pili kiko huru. Pumzi ikipita, ulimi hutetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Sauti ikiwa chini mno, unakwangua shaba kidogo kwenye ncha. Ulimi unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Ikiwa juu mno, unakwangua karibu na shina. Ulimi unalegea na sauti inashuka. Unatumia ncha ya wembe, na chini ya ulimi unatia kipande cha bati jembamba ili usiupinde. Ukizidisha kwenye ncha itabidi urudi kwenye shina, ukizidisha kwenye shina urudi kwenye ncha, na kila kosa linakula shaba. Iliyokwanguliwa hairudi. Ulimi uliosumbuliwa mara nyingi, siku moja hukatika mdomoni mwa mtu katikati ya wimbo.

Nikifungua kinanda najua mwenyewe anakula nini. Cha mpenda ubuyu kina sukari nyekundu mpaka kwenye misumari. Cha mla tambuu kimeota utandu ambao hata mswaki unaukimbia. Kuna mwalimu mmoja wa kwaya, mtu wa nidhamu sana kanisani kwao, nilikuta vijani vya miraa ndani ya kinanda chake, nikavifunga kwenye karatasi nikamrudishia pamoja na kinanda. Tangu siku ile akawa ananisalimia kwa mbali. Na wapo wa mafuta ya nazi. Sisi watu wa pwani mlango ukilia tunautia mafuta ya nazi, goti likiuma tunalipaka mafuta ya nazi, basi na kinanda kikikwama tunakimiminia mafuta ya nazi. Siku mbili kinalia vizuri. Siku ya tatu mafuta yameshika vumbi, ndimi zimegandana, na ukipuliza unapata harufu ya mchuzi uliochacha. Msitie mafuta yoyote. Mswaki laini na maji ya vuguvugu kwenye mabati, mbao isiguswe na maji, kisha mabati yakauke kivulini. Na kila mkimaliza kupiga, kigongeni kiganjani mate yatoke, maana hewa yetu ya chumvi ikikutana na mate shaba inaota kijani.

Kazi hii nilifunzwa na Mzee Kanji, Mhindi aliyekuwa na duka la kutengeneza saa hapa mjini. Alizaliwa Malindi, na Kiswahili chake kilikuwa kizito kuliko changu. Alinifunza kupatanisha ndimi kwa namna hii: anakupa mbili, unazipiga pamoja. Kama hazijapatana utasikia sauti inapwita. Kadiri zinavyokaribiana, kupwita kunapungua kasi, mpaka mwisho sauti inanyooka, zinakuwa kama ulimi mmoja. Nikidhani nimemaliza, nampelekea. Yeye anasikiliza huku macho yako kwenye saa ya mteja, halafu anasema, "Uongo." Neno hilo tu. Narudi kukwangua, nampelekea tena. "Uongo."

Nilimchukia. Nilikwenda nyumbani nikalia, na mama akaniuliza kama Mhindi amenipiga. Ikiwa sawa, Mzee Kanji hakusema kitu, aliniwekea kazi nyingine mbele yangu. Muda wote niliokaa naye hakuniambia hata mara moja kwamba nimefanya vizuri. Na nawaambieni, sijapata kuheshimiwa na mtu kama nilivyoheshimiwa na mzee yule. Aliniona naweza kustahimili kuambiwa. Waliokuja baada yake hawakuniona hivyo.

Vinanda vingi vinavyouzwa siku hizi ni vya ndimi pachapacha. Kila sauti ina ndimi mbili, na mmoja umepandishwa kidogo makusudi juu ya mwenziwe, ili sauti itetemeke. Hapo ndipo fundi anapojulikana, kwa sababu si kupatanisha tena, ni kuacha tofauti ndogo, na tofauti hiyo iwe ileile kuanzia sauti nene za kushoto mpaka nyembamba kabisa za kulia. Vijana wa harusini hutaka mtetemo wa kasi. Katana, mkulima wa Jilore, alitaka wa polepole. Huyu alikuwa mteja wangu wa zamani, mtu mrefu, mpole, anayekuja na mahindi ya kuchoma akayaweka mlangoni kabla ya salamu ili nisipate nafasi ya kuyakataa. Siku ya kwanza aliniambia, "Mzee Bakari, nataka kilie kama mtu aliyekwisha kulia, sasa anaongea." Nilifanya kazi juu ya maneno yale muda mrefu. Nilipompa, alikipuliza, na machozi yakamtoka. Hiyo ilikuwa zamani, masikio yangu yakiwa yangu.

Sasa niwaeleze desturi ya nyumbani kwangu, maana mambo yote yalipitia hapo. Mke wangu, Mwanahamisi, alikuwa na sheria yake: kitu kilichoingia mdomoni mwa watu hakitoki nyumbani kwake bila kupitia ndani. Nikimaliza kinanda, sikumpa mwenyewe mkononi. Nilikipeleka ndani, Mwanahamisi akakipangusa na kukifunga kwenye kitambaa kilichofukizwa udi, ndipo kikatoka. Kukifukiza kinanda chenyewe nilimkataza, maana moshi unaacha masizi kwenye ndimi. Kitambaa tu. Wateja walipenda. Mtu alingoja barazani na kikombe chake cha kahawa, kitambaa kinatoka kinanukia, anakifungua, anapuliza, anasema, "Mashallah, fundi, mkono wako hauzeeki." Nami nilijaa.

Wakati mwingine kitambaa kilichelewa. Nilipiga kelele kutoka barazani, "Mwanahamisi, wafukiza mtaa mzima?"

"Udi haukimbizwi, Baba Zuhura," alinijibu kutoka ndani. Zuhura ni binti yetu, yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki kukaa nasi.

Wateja walicheka, nami nikacheka nao. Sasa najua kila mmoja wetu alikuwa anacheka lake.

Mwanahamisi hakufunzwa na mtu. Alikaa kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi, hatua chache nyuma yangu, mlango wazi, akinisikia nikipiga ndimi mbilimbili tangu tulipooana. Mwenye kukaa karibu na jiko haachi kujua chumvi. Mara moja, nazi mkononi, aliniambia, "Baba Zuhura, huo wa mwisho haujakaa." Nikamwambia asikilize nazi yake. Nilimjibu vibaya, nakubali. Lakini mtu akijibiwa vibaya mara moja, ndiyo anyamaze maisha? Mbona kuhusu chumvi na kuhusu jamaa zangu hakunyamaza?

Ishara zilikuwapo, ila nilizisoma kwa kiburi. Nilisema nyenje wamepungua Malindi, na nikawa na sababu nzuri, kwamba watu wamekata miti na kujenga nyumba za kupangisha. Nilisema watoto wa siku hizi wanaongea na meno yamefungwa. Simu yangu ilikuwa ikiita siisikii, mpaka Zuhura akaichukua akaibadilisha mlio, akaweka ngoma nzito. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Hii yapendeza zaidi, baba." Nikasema kweli yapendeza. Vinanda navyo, ndimi za kulia kabisa, zile nyembamba, nikaanza kuzilaumu kiwandani. Nilikuwa nawaambia watu barazani kwamba Wachina wanatia shaba hafifu upande wa juu, haitoi sauti. Watu wakitikisa vichwa, "Kweli, fundi, kweli." Walikuwa wanazisikia sawasawa.

Mwanahamisi alifariki kwa homa iliyomshika ghafla. Tulimzika, tukasoma hitima, watu wakaja na kuondoka. Wakati wa matanga sikutarajia kazi. Arobaini ikapita. Nikatandika mkeka barazani, nikapanga vifaa, nikangoja. Hakuja mtu.

Alipita mmoja aliyekuwa akiniletea kinanda kila mara kabla ya mfungo. Nikamwita. Akasema ameacha kupiga, kifua kinamsumbua. Jioni yake nikamwona kwenye pembe ya barabara akipiga, na kifua kizima. Nilijiambia watu ni wabaya, mtu akifiwa wanamkimbia kana kwamba kifo ni upele. Kisha lawama nikazihamishia kwenye simu. Nikawa nawahubiria waliokaa barazani kwamba kijana wa leo ana muziki wote mfukoni, atakuwa na haja gani na kinanda, na kwamba sanaa imekufa, na kwamba wataikumbuka. Hotuba hiyo niliipiga msasa mpaka ikawa tamu. Wakatikisa vichwa vyao vilevile.

Ndipo Katana akaja kutoka Jilore. Ilikuwa mchana, jua kali. Hakuwa amepata habari za msiba mapema, akaja kunipa pole, na mahindi yake akayaweka mlangoni. Tuliulizana hali. Kisha akaniambia naye amefiwa: ndugu yake wa ziwa moja, waliofuatana kuzaliwa, amefariki, na maziko ni kesho. Nikampa pole. Nikaona kinanda kwenye mfuko wa shati lake.

"Utampigia?" nikamwuliza.

"Yeye ndiye aliyeninunulia hiki," akasema. "Aliniusia nimpigie wakimteremsha."

"Nipe nikitazame."

Akaweka mkono juu ya mfuko. "Si lazima, mzee. Wewe una msiba."

"Nawe pia una msiba. Nipe."

Alinipa kama mtu anayetoa jino. Nilikifungua, nikakisafisha, nikapita ulimi mmoja mmoja. Nilifanya kazi yangu kwa moyo wote siku ile. Nilikuwa na furaha, nisiwafiche, kwa kuwa mikono ilikuwa imerudi kwenye shaba. Nikafunga misumari, nikampa. Akaangalia mlango wa ndani.

"Hakuna wa kukipeleka ndani?" akaniuliza.

Nikadhani amekumbuka desturi ya marehemu, nikaguswa. Nikamwita Zuhura, nikamwambia alete kitambaa akifukize udi kama alivyokuwa akifanya mama yake. Zuhura akatoka, akamtazama Katana, akatazama kinanda, akarudi ndani. Akakaa muda mfupi tu, akaleta kitambaa kinanukia. Katana akakifunga kinanda ndani yake bila kukipuliza, akasema, "Ahsante, mzee." Lakini hakuinuka. Kahawa ilikwisha, akaendelea kushika kikombe kitupu. Nikamwambia kama ni safari ya Jilore basi aondoke mapema.

"Mzee Bakari," akasema, "ningekuwa sina maziko ningeondoka. Lakini siwezi kwenda kumzika ndugu yangu na hiki. Nisamehe."

"Kina nini?"

"Nimesikia ulipokuwa ukikijaribu. Upande wa juu haukai. Kila sauti inakwenda njia yake."

Nikamwambia nimetoka kuutengeneza sasa hivi mbele yake.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuona."

Nawaambia vijana, sikukasirika kwanza. Nilimwonea huruma, nikadhani msiba umemchanganya. Nikakichukua, nikapuliza ndimi za kulia. Nikamwambia, hizi hazitoi sauti, ni shaba ya Wachina. Akaniangalia kwa macho ambayo sitaki kuangaliwa nayo tena. Akasema, "Zatoa, mzee. Zalia sana." Nikamwita Zuhura nikampa, nikamwambia apulize zile za mwisho. Akapuliza. Niliona mashavu yake yakijaa, nikaweka mkono nyuma ya kinanda nikahisi upepo ukitoka. Sikusikia kitu. Mbwa wa jirani, aliyekuwa amelala kivulini, aliinua kichwa.

"Tangu lini?" nikamwuliza Katana.

"Zamani. Kabla kijana wangu wa mwisho hajazaliwa." Kijana huyo namjua, ana ndevu. "Mama alikuwa akitutengenezea humo ndani. Alituomba tusiseme."

"Alikuombeni ninyi nani?"

Akatazama kikombe. "Sote."

"Nawe ukanyamaza."

"Ningesemaje, mzee? Wewe ni mkubwa wetu. Tulikuwa twakuheshimu."

Nikamgeukia Zuhura. Akaingia ndani, akatoka na kijaluba cha udi cha mama yake. Chini ya udi mlikuwa na wembe, kipande cha bati jembamba, na bisibisi yangu ndogo, ile niliyomsingizia fundi baiskeli kwamba ameniibia na tukaachana salamu mpaka akahama. Nilishika wembe ule. Ncha yake ilikuwa imeliwa upande mmoja, kama wembe wa mtu anayefanya kazi kila siku.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo nilivyosema, na Zuhura akaanza kulia. Akaniambia mama hakunila, alinificha nisiaibike. Mnaona? Hata yeye anaona huo ni wema. Basi nitawaambia wema ule ulinigharimu nini. Ningejua mapema ningekwenda hospitali, huenda kuna kitu kingefanyika. Kisingefanyika, ningeshika sauti nene peke yake, ningesema wazi kwamba nyembamba ni kazi ya mke wangu, na jina lake lingetajwa Jilore na Dabaso kama lilivyotajwa langu. Tungekaa barazani wawili. Zuhura angefunzwa na mama yake mchana kweupe, badala ya kuwekwa zamu ya kuchungulia kama nakuja. Mficha uchi hazai. Kazi imekufa nyumbani kwangu kwa sababu watu watatu wa nyumba moja hawakuweza kuambizana neno moja ambalo Mzee Kanji aliniambia kila siku.

Nimemkasirikia marehemu, na hilo ni zito kwa mtu kulisema. Nakwenda kaburini kumwombea dua, najikuta nagombana naye. Siwezi kumwuliza lolote. Sijui aliona uchungu kunisikia nikijisifu, au alikuwa anacheka. Sijui ni sifa zipi zilikuwa zangu na ni zipi zake. Na kumshukuru nako siwezi, maana kila nikitaka kuanza, hasira inatangulia.

Lakini siku ile Katana alikuwa bado amekaa, na maziko ni kesho, na kinanda hakijawa. Nikasema basi tukitengeneze. Nikamkalisha Zuhura kwenye mbuzi ya mama yake, karibu yangu. Nikamwambia yeye ndiye masikio, mimi ni mikono. Nikiuliza, aseme juu au chini, na kama bado aseme bado, asinionee haya hata chembe.

Tulianza vizuri. Nilikwangua, akapuliza ndimi mbili pamoja. "Bado, baba. Wapwita mbio." Nikakwangua tena. "Bado." Nikaona raha ya ajabu, raha ya uchungu, kama zamani dukani. Tulimaliza ndimi mbili hivyo. Wa tatu ulikuwa mgumu, kwa kuwa ulikwishapitiwa mara nyingi, na mkono wangu, na mkono wa mama yake, na mchana ule mkono wangu tena. Shaba yake ilikuwa imebaki utando. Zuhura akasema, "Bado, kidogo tu." Nikauinua mwangani, nikamwonyesha Katana jinsi ulivyokonda. Nikawaambia wote wawili kwamba utastahimili kukwanguliwa mara moja, labda. Ya pili utakatika, na ukikatika hakuna wa kuweka mahali pake, na maziko ni kesho.

Hilo lilikuwa kweli. Lakini tazameni nililofanya: niliwaambia kabla ya kuuliza.

Nikakwangua. Wembe haukugusa sana, nilisikia kwa kidole tu. Nikampa Zuhura. Akapuliza polepole, akarudia, akanitazama.

"Iko sawa, baba," akasema.

Nikampa Katana. Akapuliza, akapitisha mdomo kulia na kushoto, akafumba macho. "Iko sawa, mzee," akasema. "Mashallah."

Niliwatazama nyuso zao, mmoja kisha mwingine, kwa muda mrefu. Zilikuwa nyuso za watu wema, nyuso zilezile zilizonitazama barazani miaka yote ile. Nikamwuliza Zuhura, "Sawa ya kweli, au sawa ya mama yako?" Akasema ni ya kweli, na sauti yake nikaisikia vizuri, kwa kuwa ni nene kama ya kwangu. Katana akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akakitia kinanda mfukoni, akaenda kumzika ndugu yake. Baadaye alikuja tena na mahindi. Nilimwuliza kilivyolia, akasema kililia vizuri sana, watu wote walilia. Nikamwuliza Zuhura, akasema Katana hasemi uongo.

Enyi vijana, mnaponiamkia shikamoo nitawaitikia marahaba kwa furaha, maana sichukii adabu. Lakini mpaka leo sijui ndugu yake Katana aliteremshwa kaburini kwa sauti gani, na hakuna mtu hata mmoja chini ya jua ninayeweza kumwuliza.